Matundu ya kofia na ile picha

Leo baada ya alasiri nilikuwa kwa bibi, mtaa wa Langoni, Lamu, nimejilaza mkekani napekua simu. Ikaingia picha kwenye grupu ya familia: mashua imepinduka, watu wanatolewa majini, na mtoto kalazwa mchangani. Moyo ulinipiga paa. Nikamsogezea bibi simu.

Akatupa jicho, akarudi kwenye kofia aliyokuwa akiishona. "Usinipoteze hesabu, mwanangu."

Niliudhika, nakiri. Nikasema moyoni, uzee umemkausha huruma. (Na ni huyu huyu anayemlilia punda wa jirani akichechemea!)

Hasira ilipopoa nikakumbuka somo la saikolojia. Ndani ya ubongo mna kisehemu chenye umbo la lozi, amigdala, kinachoshtuka tuonapo cha kutisha. Mwaka 2001 watafiti wa London waliona kinaitikia nyuso zenye hofu hata mtu akiwa ameambiwa aangalie picha za nyumba zilizo kando. Mwaka uliofuata Luiz Pessoa na wenzake, Marekani, wakawapa watu kazi ngumu zaidi: kulinganisha mlalo wa vijistari pembeni, huku uso wa hofu uko katikati kabisa ya macho. Safari hii lozi ikanyamaza. Akili ilikuwa imekwisha kutumika kwenye vijistari.

Wataalamu wamebishana sana juu ya matokeo hayo mawili. Mimi nilikuwa na kofia mbele yangu: kila tundu lazungushiwa uzi mweupe, na ukikosea moja ua zima lapinda. Kama hiyo si kazi ya vijistari, sijui ni nini.

Nikajijaribu. Nikaifungua ile picha tena, macho nikayagandisha kwenye kona yenye ngalawa tupu na kipande cha mkoko. Kweli, kifua kililegea kidogo. Nimewahi kusoma kwamba hata mwitikio wa umeme wa ubongo hupungua mtu akielekezwa sehemu tulivu ya picha mbaya. Lakini niliona haya, kama niliyempa mtoto yule kisogo.

Karibu na magharibi bibi akafika mwisho wa safu. Akakata uzi kwa meno, akavua miwani, akaifuta kwa leso.

"Haya, nionyeshe. Ulikuwa wasemaje?"

Nikampa simu. Akaishika kwa mikono miwili, akaangalia kimya, kisha akauliza, "Mamake yuko wapi katika hawa?"

Adhana ikaanza. Kofia ilikuwa imeanguka chini, wala hakuiokota.