Siku ya dalali Shangani, na kasha lililosogezwa

Saa moja asubuhi nimeshafika ghorofa ya tatu, pumzi juu juu, buibui nimelikunja mkononi. Fleti ninayoiuza iko Shangani, Mji Mkongwe, na lifti hakuna. Kazi ya mwanzo ni kufungua madirisha. Msimu huu wa masika, nyumba ikifungwa siku mbili tu inanuka ukungu, na mteja wa dola laki mbili na nusu hasamehe harufu.

Saa mbili akaja fundi rangi. Sebuleni pana doa ukutani, kubwa kama sinia la pilau, limetoa chumvi nyeupe kama unga. Fundi alilikwaruza kwa ukucha, akacheka. Kuta hizi ni mawe ya matumbawe na chokaa. Aliyekarabati kabla yetu alizipiga lipu ya saruji. Jiwe hunywa maji, chokaa huyaacha yatoke, saruji huyafungia ndani. "Nikipaka leo," akaniambia, "Ijumaa litachungulia tena."

Nikampigia mwenye nyumba, yuko Dar. Hakutaka kusikia habari za kubandua lipu. "Si pana kasha hapo? Lisogezeni lizibe." Tukalivuta, kasha zito la misumari ya shaba, likakaa sawasawa mbele ya doa. Nilijiambia limependeza pale. Na kweli lilipendeza, hapo sikujidanganya.

Saa tatu mpaka saa nne, makaratasi. Nayapitisha haraka: ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma, kinachouzwa ni fleti yenyewe, chini ya Sheria ya Kondominiamu ya 2010. Wageni huuliza hili kabla hata ya bei. Kisha huja maombi. Mwaka jana mmoja alitaka dirisha kubwa la alumini upande wa bahari. Nikamwambia mji huu umo katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000, na bila kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe hata dirisha hubadilishi. Hakurudi.

Nikapita Jaws Corner kunywa kahawa. Wazee wa barazani walishajua kwamba nina wateja kutoka Muscat. Bei pia walikuwa nayo.

Saa tano nikawapokea Forodhani: bwana wa makamo na mama yake, aliyezaliwa Mkunazini na kuondoka 1964 akiwa msichana. "Sabalkheri, mama." Akanijibu kwa Kiswahili cha mjini hasa, kuliko changu mimi niliyezaliwa mtaa wa Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe. Tulipofika Beit al-Ajaib alisimama muda mrefu. Jumba la Sultani Barghash, la 1883. Sehemu yake ilianguka Desemba 2020 na watu wawili wakafa. Tangu siku ile kila mteja ana swali moja, na mwanawe akaliuliza: "Dada, na hiyo yako haitaanguka?"

Nilimweleza ninachokijua. Adui wa nyumba hizi ni maji yanayoingia kutoka juu. Paa likivuja, boriti za mikoko huoza vichwa ndani ya ukuta, na hutaona kitu mpaka dari lilegee. Yetu paa lake limefanyiwa kazi, na boriti tumezigonga moja moja.

Mama alipanda ngazi polepole bila kushikwa mkono. Ndani, mwanawe akalalamika kwamba vyumba ni virefu na vyembamba. "Boriti ndiyo iliyopima," mama akasema kabla sijafungua mdomo. "Mti wa mkoko una urefu wake." Kisha akapapasa ukuta kwa kiganja, akitafuta shubaka la kuwekea vitu. "Daka liko wapi?"

"Limezibwa, mama. Pamewekwa televisheni."

Akaguna. Akaligeukia kasha. "Na hili nani kaliweka hapa, linaziba upepo wa dirishani? Lisogezeni."

Mwanawe akalishika upande mmoja. Mimi nikabaki nimesimama, kisha nikashika upande wa pili, nifanyeje? Doa likatoka hadharani na chumvi yake. Bwana akaniangalia. Mama aliinama, akaigusa chumvi, akaramba ncha ya kidole. "Saruji," akasema, kama mtu anayetaja jirani asiyempenda.

Nikawaambia yote: lipu ibanduliwe, ukuta uachwe ukauke, irudishwe chokaa, na gharama itolewe kwenye bei. Hiyo ya mwisho sikuwa nimetumwa kuisema.

Adhuhuri nikaswali, nikala urojo, nikaonesha chumba cha kupanga Kiponda kwa mtu aliyekuja kupiga picha tu.

Saa tatu usiku mwenye nyumba akapiga. "Wameliona?"

"Wameliona. Nimeshika kasha mwenyewe."

Akakata simu. Robo saa baadaye ikaingia sauti ya yule bwana: mama anauliza, lipu ikibanduliwa, daka nalo linaweza kufunguliwa? Nikamjibu kwamba asubuhi nitaanzia Mamlaka, nikaulize kibali.