Kumbukumbu ya mradi wangu: miezi mitatu na mashine ya sukari

Wiki ya 1
Nimechukua daftari la mwanangu lililobaki na kurasa nyeupe, nikaandika juu yake "SUKARI". Asubuhi kabla ya kula mashine ilisoma 9.4 (namba zote za mashine humu ni milimoli kwa lita ya damu). HbA1c, kile kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili hadi mitatu iliyopita, kilitoka asilimia 8.1, na kisukari huhesabiwa kuanzia 6.5.

Daktari alinieleza usugu wa insulini nikauelewa hivi: insulini, homoni inayotoka kwenye kongosho, inabisha hodi kwenye seli ili sukari iingie, mwenye nyumba anasikia ila haamki. Kongosho linaongeza wabisha hodi, wakifika wengi mlango unafunguliwa kidogo. Miaka ikipita kongosho linachoka, sukari inabaki nje kwenye damu.

Ushauri niliopewa mtaani ulikuwa mfupi: acha sembe, kula dona, kunywa uji wa ulezi. Nimeamua kuupima. Napima kabla ya kula, kisha saa mbili baada ya tonge la kwanza. Stripu, vile vijiti vya kuwekea tone la damu kwenye mashine, ni ghali, kwa hiyo najaribu chakula kimoja kila baada ya siku mbili.

Wiki ya 2
Uji wa ulezi, kikombe kikubwa, bila sukari hata chembe. Kabla 7.8, baada 12.9. Nilidhani mashine imeharibika, nikarudia baada ya siku mbili: 12.6. Ulezi wenyewe hauna kosa. Umesagwa laini kama poda na kupikwa ukalainika, tumbo halina kazi ya kufanya. Na uji haushibishi, saa nne nilikuwa natafuta andazi.

Asubuhi nimehamia mayai mawili, kachumbari na kipande cha muhogo wa kuchemsha kisichozidi kiganja. Chai ya rangi, tangawizi, hakuna sukari. Chai hiyo ndiyo iliyoniuma kuliko vyote. Wiki nzima ilikuwa kama maji ya kuoshea sufuria.

Wiki ya 4
Ugali. Sembe kwa kiasi changu cha siku zote: 13.8. Dona, kiasi kile kile: 13.1. Kwa hiyo dona ni bora, lakini si kwa tofauti niliyokuwa nikihubiriwa. Nikapunguza dona hadi ukubwa wa ngumi, nikaanza na mchicha na dagaa, ugali ukaja mwisho: 9.2. Unga ni ule ule.

Wali wa nazi umenisumbua zaidi, maana Tanga bila wali wa nazi ni kama uhamishoni. Sasa napakua mbaazi nyingi, wali vijiko vinne vya kupakulia umekuwa kimoja na nusu. Mke wangu anacheka, anasema nimegeuza wali kuwa mboga.

Wiki ya 6
Hili ni la kuandikwa kwa wino mwekundu. Niliona namba zinashuka, nikajiona bingwa, nikaruka chakula cha usiku huku nimemeza glibenklamidi, dawa yangu ya kushusha sukari, kama kawaida. Saa tano usiku jasho, mikono inatetemeka, maneno hayatoki sawasawa. Mashine: 3.1. Mke wangu alinikorogea maji yenye sukari vijiko vitatu, baada ya dakika kumi na tano nikapima tena, 4.6, ndipo nikala kidogo. Dawa ile inalisukuma kongosho kutoa insulini hata kama hujala. Kesho yake nilirudi kwa daktari na daftari, akapunguza dozi. Nilipaswa kwenda kabla ya kupunguza chakula.

Wiki ya 8
Kutembea. Baada ya chakula cha usiku nazunguka Ngamiani dakika ishirini, mwendo wa mtu anayewahi daladala. Mlo ule ule wa dona na dagaa: nikikaa 9.2, nikitembea 7.7. Msuli ukifanya kazi huingiza sukari bila kungoja insulini ibishe sana.

Kitu kimoja kilinichanganya: nalala na 6.5, naamka na 7.4, na usiku sijala kitu. Kumbe alfajiri ini hutoa sukari yake lenyewe, na kwa mwenye usugu insulini haiwezi kulizuia vizuri. Nimeacha kujilaumu kwa namba za asubuhi.

Shangazi amekuja kutoka Pangani, akanitazama kiuno. "Mwanangu, umekwisha! Wanakulisha kweli?" Kiuno kilikuwa sentimita 104, sasa 98. Nilimwambia ndiyo mpango wenyewe. Hakuamini, jioni akanipakulia sinia.

Wiki ya 13
HbA1c: asilimia 6.9. Metformini, dawa yangu nyingine ya sukari, inaendelea, glibenklamidi daktari ameiondoa.

Sokoni embe dodo zimeanza kuingia. Kesho baada ya mbaazi napima nusu moja, ya kutafuna, si juisi. Stripu zimebaki tisa.