Ziwa limejaa, mbona dagaa hakuna?

Maji ya Ziwa Tanganyika yalipopanda 2020 na 2021, kisha tena 2024, wapo waliosema samaki nao watarudi. Haiendi hivyo. Kujaa kwa ziwa ni habari ya mvua na jua; dagaa ni habari ya upepo.

Mto unaotoa maji ziwani ni mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo. Sehemu kubwa ya maji yanayopungua hupaa kama mvuke. Hewa ikizidi joto kwa nyuzi 1 hubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi, kwa hiyo kiangazi hukausha zaidi na mvua ikija hushuka kwa pupa.

Utamu uko kwenye kaboni. Mwani mdogo usioonekana kwa macho huinyonya palipo na mwanga, vidudu hula mwani, dagaa hula vidudu, migebuka hula dagaa. Vinavyokufa huzama. Huku kwetu, kaskazini mwa ziwa, chini ya mita 100 hadi 150 hakuna oksijeni, na kina cha ziwa hufika mita 1,470. Kaboni na fosforasi, mbolea ya mwani, hubaki huko mpaka zikorogwe. Mkorogaji ni upepo wa kusi, Mei hadi Septemba: husukuma maji ya juu kuja kwetu, ya chini yakapanda upande wa Mpulungu, Zambia, kusini mwa ziwa.

Joto likiongezeka, mkorogo hugoma. Tofauti ya joto kati ya maji ya juu na ya chini ni nyuzi 3 hivi tu, lakini maji yenye joto ni mengine kabisa: mita moja ya ujazo ikitoka nyuzi 24 hadi 27 hupungua uzito karibu gramu 800, ikitoka nyuzi 4 hadi 7, hupungua gramu 70 tu. Maji mepesi hukaa juu kama mfuniko, mwani hukosa mbolea. (Nyavu za macho madogo nazo zina kesi yao, tabianchi isibebeshwe kila kitu.)

Ukitaka kupima mfuniko huo, chukua bomba la plastiki la inchi 4, urefu sentimita 60. Kila mwisho weka kifuniko cha mpira wa tyubu kinachofungukia juu: likishuka maji hupita, likivutwa vifuniko hujifunga. Ndani funga kipimajoto kinachosoma sehemu ya kumi ya nyuzi. Cha nyuzi nzima hakifai, tofauti yenyewe ni ndogo. Chini ning'iniza jiwe la kilo 3. Kamba iwe na fundo kila mita 10.

Kosa la kawaida ni mtumbwi kusogea, kamba ikalala. Ikiinama nyuzi 30 kutoka wima, mita 100 za kamba ni mita 87 za kina. Kosa la pili ni kuvuta polepole, maji yakapata joto njiani. Subiri dakika 5 chini, vuta bila kusimama, soma kabla ya kumwaga. Kisha nusa: harufu ya yai viza ina maana umevuka mpaka wa oksijeni. Pima Machi, rudia Agosti palepale, uone mfuniko umeshuka mita ngapi.