Siku moja gereji: Hilux iliyohukumiwa gia boksi

Saa moja asubuhi nafungua kontena hapa Kariobangi Light Industries. Kijana wangu wa kazi anatoa jeki na boksi la spana, mimi nakunywa chai ya kibandani, inaandikwa kwenye daftari.

Saa moja na nusu akaingia Mama mmoja na Hilux ya dizeli, majani ya kabeji bado yamenata nyuma. Huleta mboga na viazi kutoka Kinangop hadi soko la Wakulima.

"Fundi, gari inalia wiiii mpaka kichwa kinauma. Nimeambiwa ni gia boksi, nitafute ingine."

Gia boksi ya mtumba si pesa ya kuchezea. Nikamwambia, "Mama, tuisikilize kwanza. Kufungua ni baadaye."

Mlio una kitu unachokifuata: ama injini, ama magurudumu. Hapo ndipo mafundi wengi huharakisha. Nikapiga stati gari likiwa limesimama, kijana akakanyaga mafuta. Nikachukua bisibisi ndefu, ncha nikaiweka kwenye altaneta, mpini nikaubana sikioni. Nikahamia pampu ya stering, kisha puli ya fan belti. Zote zinazunguka safi. Injini ikavuma na ule mluzi haukusikika kabisa, basi mbele hatukuwa na kesi.

Saa mbili tukapanda naye hadi Allsops, tukaingia Thika Road upande wa Githurai. Asubuhi foleni yote inakuja mjini, wanaotoka wana nafasi. Tulipofika kilomita 60 kwa saa ukaanza. Nikikanyaga mafuta unalia, nikiachilia unafifia. Nikiyumbisha gari kidogo kushoto na kulia, haubadiliki, kwa hiyo nikaziondolea lawama beringi za magurudumu. Nikaenda kwa gia ya nne, kisha ya tano, kasi ile ile: mlio ni ule ule. Kwenye gia ya nne nguvu hupita moja kwa moja, zile gia za pembeni hazibebi mzigo. Kama gia boksi ndiyo mgonjwa, hapo ningesikia tofauti. "Mama, ni difu," yaani lile boksi la gia katikati ya ekseli ya nyuma, linalopeleka nguvu kwenye magurudumu.

Hakuniamini sana. Alikaa kwenye benchi akipiga simu sokoni.

Saa tatu gari likawa juu ya stendi. Chini ya difu kulikuwa na oili iliyokauka na vumbi, imerushwa hadi kwenye sakafu ya bodi: sili ya pinioni, ile gia ndogo inayoingiza nguvu kwenye difu, imekufa zamani. Nikashika flenji, kile kisahani kinachounganisha pinioni na propela, ile shafti ndefu inayotoka gia boksi, nikaitikisa, ikacheza. Haitakiwi kucheza hata kidogo. Kijana alitaka kufungua nati ya chini amwage oili, nikamzuia. Kwanza ya juu, ya kujazia. Ukimwaga halafu ya juu ikakataa kufunguka, gari haliondoki hapo. Ilipofunguliwa nikaingiza kidole, nikagusa hewa tu. Iliyomwagika ilikuwa kidogo, nyeusi, inanuka kuungua. Sumaku ya nati ilikuwa na uji mwororo wa chuma, ambao ni wa kawaida, na ndani yake vipande viwili vitatu vya kung'aa, ambavyo si vya kawaida.

Ekseli zikavutwa, kichwa cha difu kikatoka saa tano. Meno ya krauni, ile gia kubwa inayozungushwa na pinioni, na ya pinioni yenyewe yalikuwa mazima, yamechakaa kidogo tu. Mbovu ni beringi ya mbele ya pinioni. Bahati njema, maana krauni na pinioni huuzwa kwa jozi, huwezi kubadilisha moja.

Saa sita nikapanda bodaboda hadi Kirinyaga Road, ambako wengi bado tunapaita Grogan. Beringi mbili za pinioni, sili, nati na spesa mpya, kile kibomba kifupi kinachokaa kati ya beringi hizo mbili. Duka la kwanza walinipa beringi ambayo maandishi yake yanafutika kwa kucha. Nikairudisha kaunta nikaenda duka la tatu.

Kazi yenyewe ya kutulia ilikuwa mchana. Ile spesa hujikunja kadiri unavyokaza nati, na ikishajikunja hairudi. Ukipitiliza, unanunua nyingine. Basi unakaza kidogo, unazungusha kamba kwenye flenji, unaivuta kwa mizani ya ndoano na kusoma uzito ujue beringi zimebanwa kiasi gani, unakaza tena. Shimu ya zamani, kile kiringi chembamba cha kupanga nafasi ya pinioni, nikairudisha ilipokuwa. Mwanya kati ya meno nikaupima kwa geji, ukaingia kati ya milimita 0.13 na 0.18. Njaa ilikuwa inauma lakini hapo huwezi kuacha ukaenda kula.

Saa kumi na moja tukarudi Thika Road. Kwenye 60, kimya. Karibu na 90 kuna kasauti kembamba, kwa sababu meno yalishasagana bila oili, na nilimwambia waziwazi kwamba hako katabaki.

"Hako nitafunika na redio," akasema, akatuma M-Pesa na kudai beringi ya zamani akaionyeshe kule alikoambiwa gia boksi. Nikampa. Nikamwomba arudi baada ya kilomita 1,000 tubadilishe oili, na safari ya kwanza apakie magunia kumi tu.

"Kumi? Fundi, kumi hayalipi hata dizeli."

Tukapatana kumi na tano, na asipite 70.