Nimerudi Machame na brashi zangu

Nimerudi Machame, mlimani Kilimanjaro, kukaa, baada ya miaka mingi Glasgow, na kila ninayekutana naye ananiuliza kama huku kijijini nitapata cha kuchora. Kipo tele, sitakimaliza.

Glasgow nilichora mvua. Desemba jua huzama kabla ya saa kumi alasiri, na yale majengo ya kale ya mawe mekundu yakilowa hukaribia zambarau. Nilijifunza kuitazama rangi ya kijivu mpaka nikaona bluu na waridi ndani yake. Jicho hilo ndilo nililorudi nalo.

Kihambani kwetu, yaani shamba la nyumbani, kivuli cha migomba si cheusi hata kidogo. Jua la saa nne likipenya kwenye jani, mwanga unashuka ukiwa wa kijani na kumpaka mtu usoni. Juzi mama mdogo alikuwa anamenya ndizi za mtori, supu yetu ya ndizi. Alijipaka mafuta viganjani kwanza ili utomvu usimgande, lakini ncha za vidole zilibaki na madoa meusi. Ndizi zilizomenywa zilikuwa ndani ya sufuria la maji, na weupe wake ulikuwa umechukua rangi ya majani yaliyoning'inia juu. Nikamwomba asogee mwangani kidogo. "Mwanangu, mtori utachelewa," akasema, ila akasogea. Picha ile sikutia rangi nyeupe kabisa, na bado ndizi zinaonekana nyeupe!

Hapa hapa Machame ndipo alipozaliwa mchoraji Sam Ntiro, mwaka 1923. Alisoma Makerere, akaenda chuo cha sanaa cha Slade, London, na baada ya uhuru akawa balozi wa Tanganyika Uingereza. Pamoja na kuzunguka kote huko, aliendelea kuchora migomba na watu wa mlimani wakifanya kazi pamoja. Picha yake ya 1956, ya wanaume wakipeleka mbege, pombe ya ndizi, kwa bibi harusi usiku, ipo katika makumbusho ya MoMA, New York. Vijana niliozungumza nao hapa hawalijui jina lake, na hilo linaniuma sana. Walimu, tafadhali, waonyesheni kazi zake.

Siku ya gulio nitakuwa soko la Kwa Sadala, wakati akina mama wanashusha mikungu. Anayemjua fundi wa fremu Moshi mwenye mbao zilizokauka vizuri, naomba aniandikie.