Mkono wa Kuazima

Siku nne zimepita tangu tuchague mchele wa harusi, na neno la wifi Zubeda bado limenikaa kooni. Harusi yenyewe imekwisha salama, bibi harusi amekwenda kwake Muheza, mitihani ya majaribio ya kidato cha nne imeanza leo asubuhi, na mkuu wa shule ametangaza uhamisho wa walimu watatu bila jina langu kuwamo. Wiki nyingine habari hizo zingenijazia kurasa, lakini leo sentensi moja tu ndiyo iliyonifanya niwashe kompyuta.

Ilikuwa Alhamisi baada ya alasiri, uani kwa mama mkubwa, Barabara ya 12. Tulikuwa wanawake kama ishirini juu ya mikeka, kila mmoja na ungo wake. Beseni langu lilipojaa nilinyanyuka ili nilipeleke penye gunia. Mchele ule haukuzidi kilo 3, nami kilo 3 nazifahamu vizuri, kwa kuwa ndizo ninazonyanyua sasa kila Jumanne na Ijumaa kabla ya chai. Sijapiga hatua mbili, wifi Zubeda akainuka upande wa pili wa mkeka, akanipokonya beseni, akasema kwa sauti iliyoenea ua mzima: “Lete huku, wifi! Mkono wenyewe wa kuazima huo, ukiuharibu utamrudishia nani?”

Watu wakaangua kicheko, nami nikacheka pamoja nao. Kisha nikaketi na kuvuta mtandio hadi ukafunika vidole vya mkono wa kulia, ule uliovimba baada ya matibabu ya saratani ya titi.

Najua kwamba wifi na wifi hutaniana. Angenitania juu ya wali wangu unaoshika ukoko kila mara, au juu ya kaka yake anayekoroma, ningemrudishia palepale na kwa riba. Hili lilinikuta sina akiba ya maneno, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiurudia ule uwanja kichwani, kila mara nikijipa jibu jipya. Jibu zuri kuliko yote lilinijia Jumamosi usiku, watu wakiwa wamemzunguka bibi harusi kwa ajili ya picha: “Si wa kuazima, wifi, nimeukomboa.” Nimeukomboa kwa tezi 14 za kwapani zilizoondoka pamoja na titi, kwa siku 15 za mionzi pale Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, na kwa asubuhi zote ambazo nimevaa soksi hii ya kubana ya mkononi katika joto la Tanga. Lakini nani amjibu mtu baada ya siku mbili, tena katikati ya vigelegele?

Wasomaji wa zamani mnaijua historia ya mkono huu: bangili iliyokataa kutoka miezi minane baada ya upasuaji, vidole vilivyojaa kama vimelowekwa, na majirani waliohakikisha kwamba ni matende na kuniuliza kama nilikosa dawa za kingatiba. Habari ya matende niliiandika mwezi wa Machi, sitairudia, isipokuwa kusema kwamba wale majirani hawakuwa mbali sana na ukweli. Matende huletwa na minyoo inayosambazwa na mbu nayo ikaharibu njia za limfu, yale maji ya mwilini yanayorudishwa kwenye damu, ilhali njia zangu ziliharibiwa na kisu na mionzi iliyoniokoa. Maji yanayokwama ni yaleyale.

Soksi yangu ni ya daraja la pili, yenye mgandamizo wa milimita 23 hadi 32 za zebaki, na kwenye boksi wameandika kwamba ni ya “rangi ya ngozi”, ngozi ambayo sijaiona kwa mtu yeyote kuanzia Ngamiani hadi Raskazone. Naivaa mara tu niamkapo, kabla mkono haujapata nafasi ya kujaa, nikitumia glavu za mpira za kuoshea vyombo ili nikamate kitambaa bila kukitoboa kwa kucha, na ninahakikisha kwamba ukingo wa juu haujikunji, kwa sababu ukijikunja hugeuka kamba. Usiku naivua, naifua kwa sabuni laini na kuianika kivulini, na kesho yake navaa ya pili. Mbili hizi zikitunzwa hivyo hudumu kama miezi sita, kisha mpira hulegea na ninaanza tena kuhesabu fedha. Ya kwanza kabisa niliinunua bila kipande cha kiganja, nikidhani nimebana matumizi, na maji yote yakateremka yakajaa kiganjani hata nikashindwa kushika chaki.

Kuhusu kunyanyua vitu, mimi mwenyewe nilichelewa kuamini. Mtaalamu wa fiziotherapia alinieleza kwamba damu ina moyo wa kuisukuma, lakini limfu hutegemea sana pumzi na misuli, na kwamba msuli unapojikaza dhidi ya kitambaa kinachobana ndipo maji yanapokamuliwa kwenda juu. Alinisimulia utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2009 katika New England Journal of Medicine, uliowahusu wanawake 141 waliokuwa na uvimbe wa mkono kama wangu. Waliobeba vyuma mara mbili kwa wiki, wakiwa wamevaa soksi na wakiongeza uzito kidogo kidogo, hawakuvimba zaidi kuliko wenzao wasiobeba, na waliozidiwa na uvimbe walikuwa asilimia 14 dhidi ya 29. Akaniambia pia habari ya daktari wa Vancouver, Don McKenzie, ambaye mwaka 1996 aliwakusanya wanawake 24 waliougua saratani ya matiti, akawapa makasia na mashua ndefu, wakati madaktari wengi bado walikuwa wakiwaonya wagonjwa wao dhidi ya kazi kama hiyo. Nilicheka, kwa sababu nimezaliwa mahali ambapo ngalawa huonekana dirishani na sijawahi kushika kasia hata siku moja.

Basi nikaanza na chupa ya maji ya nusu lita. Kwanza pumzi tano za tumbo, kisha kuzungusha mabega, kisha kufumba na kufumbua ngumi mkono ukiwa juu, ndipo nikunje kiwiko na chupa mara kumi. Baadaye chupa ya lita moja, halafu chupa kubwa zaidi ikiwa na mchanga. Imenichukua tangu Januari kufika kilo 3, na hakuna aliyeniona isipokuwa Baba Salma, ambaye huhesabu kwa sauti na kuruka namba ya saba kila mara.

Nilikuwa nimeyafikisha malalamiko yangu hapo jana asubuhi, nikiyapanga sentensi kwa sentensi, nilipolisogeza jokofu ili Salma afagie nyuma yake kabla hajafunga mizigo yake. Ikaanguka karatasi iliyokuwa imebanwa kati ya jokofu na ukuta. Mwandiko ulikuwa wangu, wa mkono wa kushoto, wa zile wiki za mwanzo: “Mgonjwa asichote maji. Asibebe ndoo. Asibebe mtoto. Asinyanyue kitu hata akiomba mwenyewe. Asipimwe presha mkono wa kulia.” Niliiandika kutokana na maelezo ya wakati ule, nikampa Zubeda aibandike, na nikamwambia maneno ambayo nilikuwa nimeyasahau kabisa mpaka nilipoiokota: “Mkono huu nimeazimwa tu, wifi. Tuutunze, mwenyewe asije akautaka.”

Niliketi sakafuni. Salma akauliza kama nimeumia.

Zubeda hakulitunga lile neno, alinirudishia langu. Kwa miaka miwili amekuja alfajiri kunichotea maji kwa karatasi ile, na mwezi wa Ramadhani nilipopata homa, mkono ukawaka moto usiku kabla ngozi yangu nyeusi haijaonyesha wekundu wowote, ni yeye aliyekataa kungoja asubuhi, akanipakia kwenye bajaji hadi hospitali, na akamzuia muuguzi mlangoni: “Presha mkono wa kushoto!” Mimi amri nimezibadilisha kimyakimya, peke yangu na chupa zangu za mchanga, halafu nikamkasirikia mlinzi kwa kuwa hakuambiwa kwamba vita vimekwisha.

Sikujua nicheke au nione haya, nikafanya yote mawili. Nilimpigia simu adhuhuri nikiwa nimejiandaa kumweleza. Akadakia kwanza habari ya sufuria kubwa la mama mkubwa lililorudishwa bila mfuniko, akaeleza kwa dakika kumi nani anashukiwa, kisha akaniuliza kama nimevaa soksi. Nikasema nimevaa. Akakata. Ijumaa nitamwita aje kabla ya chai, nimwonyeshe zile kilo 3 bila maneno mengi, na akitaka kunipokonya chupa tutajuana hukohuko.

Jioni hii nimejipima kwa futikamba ya fundi, sentimita 10 chini ya kiwiko kama kawaida. Mkono wa kulia umezidi wa kushoto kwa sentimita 2.1. Januari zilikuwa 3.4. Jana, baada ya makofi na joto la harusi, zilipanda hadi 2.4, na leo zimerudi. Nimeandika ukutani kwa penseli, pembeni mwa mlango.

Salma ameondoka alfajiri na basi la Dodoma. Ujumbe wake wa mwisho ni wa Chalinze, saa tano asubuhi, na sasa ni saa tatu usiku. Simu haipatikani. Baba Salma anasema ni chaji tu, lakini naye hajalala.