Kufunga plagi ya pasi bila kuona

Chomoa waya wote ukutani kwanza. Usitegemee kwamba umeme umekatika. Unaweza kurudi mkono ukiwa ndani.

Fungua skrubu iliyo upande wa meno, kisha laza plagi mezani, meno yakielekea chini, jino kubwa likiwa mbali nawe. Inua kifuniko. Fyuzi utaigusa upande wa kulia: hapo ndipo pa waya wa moto, unaoleta umeme. Kushoto ni nyutro, unaorudisha umeme; juu ni eathi, waya wa usalama. Fyuzi ndiyo alama yako, na vidole vinaitambua kila mara.

Rangi ndizo haziguswi. Kabla ya kulegeza waya za zamani, zungushia selotepu mara moja kwenye wa moto, mara mbili kwenye nyutro, eathi uuache mtupu. Waya ukiwa mpya, omba mwenye kuona akutajie: kahawia ni moto, bluu nyutro, kijani na njano eathi. Usibahatishe hapa. Be My Eyes, programu ya simu inayokuunganisha na mwenye kuona kwa video, nayo inafaa.

Sokota nyuzi za shaba, kisha pitisha kidole: uzi mmoja uliochomoza unaleta shoti. Kila waya ukishakazwa mahali pake, uvute: usilegee. Kishikio cha kamba ndani ya plagi kibane ganda la nje, si waya za ndani. Eathi iwe ndefu kuliko nyingine, ili kamba ikivutwa ing'oke mwisho.

Chumvi ya hewa ya Tanga huharibu shaba. Iliyochakaa ikate, menya upya.

Mwisho, mita yenye mlio, inayolia njia ya umeme ikiungana: ikigusa jino kubwa na chuma cha pasi lazima ilie. Jino kubwa na jino dogo lolote, ikilia usichomeke. Kipimo hiki hakionyeshi moto na nyutro vikibadilishana, kwa hiyo kagua tena kwamba wa moto uko upande wa fyuzi. Fyuzi ya pasi ni ampea 13.